Injinia Ana Cheti cha Usimamizi, Saiti Bado Inamshinda: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Mwongozo huu nimewaandikia wanaowalea wahandisi vijana: mkuu wa idara ya maji au barabara katika kaunti, mhandisi mwandamizi wa kampuni ya ushauri, mhadhiri anayepeleka wanafunzi nyanjani. Una kijana ambaye hesabu zake ni safi na michoro yake haina doa. Ulimpeleka semina ya usimamizi wa miradi, akarudi na cheti. Miezi michache baadaye kazi imechelewa, mafundi wamenuna, na mteja anakupigia simu wewe badala ya kumpigia yeye.

Wengi hapo husema apelekwe semina nyingine. Ngoja kwanza. Pampu ikikataa kutoa maji hatununui nyingine siku hiyohiyo. Tunakagua umeme, valvu, kichujio na kina cha maji kisimani, kimoja baada ya kingine. Mtu naye anastahili kukaguliwa kwa utaratibu huo. Jiulize: je, hajui kufanya? Je, anajua lakini hana ruhusa? Au anajua na anaruhusiwa, ila hana pesa, watu au muda? Mafunzo yanatibu hali ya kwanza peke yake. Nimeona fedha nyingi za mafunzo zikiteketea kwa sababu hakuna aliyeuliza maswali hayo mapema, na aliyelaumiwa mwishoni ni kijana.

Dalili ninazozitaja hapa ni zile ninazokutana nazo mara kwa mara, hapa Kenya, kuanzia Nakuru hadi Kakamega na huku Kisumu.

Dalili: ratiba imebandikwa ukutani, lakini hakuna anayeifuata

Nenda saiti siku ya Alhamisi mhandisi akiwa hayupo. Muulize forimeni: wiki ijayo mnafanya nini, na mnahitaji nini ili mfanye? Akikujibu, "Hilo Injinia ndiye anajua," basi umepata chanzo cha kwanza. Ratiba iliandikwa na mtu mmoja, ofisini, kwenye kompyuta, kisha ikachapishwa. Mafundi hawakuulizwa kitu, kwa hiyo haiwahusu.

Tiba yake haihitaji programu yoyote. Mketishe mhandisi pamoja na forimeni, fundi wa mabomba, mwenye lori na mtunza stoo mbele ya ukuta mtupu, na karatasi ndogo za kubandika. Anzeni na siku ya kukabidhi kazi, kisha mrudi nyuma: ili tukabidhi siku hiyo, ni nini lazima kiwe kimekwisha? Na kabla ya hicho? Fundi anayependa kusema kuliko kuandika aandikiwe na mhandisi mwenyewe. Wakimaliza watauona ule mnyororo wa kazi ambazo mojawapo ikichelewa siku moja, makabidhiano yote yanachelewa siku moja. Njia ya kuutafuta mnyororo huo kwa hesabu ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na chuoni kijana alifundishwa kuichora. Asichofundishwa ni kwamba forimeni ndiye mwenye takwimu za kuijaza.

Chanzo cha pili kimejificha ndani ya namba. Kila kazi imepewa muda mmoja, na muda huo ni wa siku njema: jua linawaka, lori halijaharibika, simiti imefika. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia hii mwaka 1979: binadamu akikadiria kazi yake mwenyewe huwaza inavyopaswa kwenda, hawazi zilivyokwenda kazi zilizotangulia. Kwa hiyo mfundishe kukadiria kwa namba tatu. Tuseme ni kujenga kalvati moja kwenye nyanda za Kano, katika udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mambo yakienda vizuri kabisa, siku 6. Kwa kawaida, siku 9. Mvua ikinyesha na lori likazama, siku 24. Zidisha ile ya kawaida kwa 4, ongeza mbili za pembeni, gawanya kwa 6: 6 na 36 na 24 ni 66, na 66 kwa 6 ni siku 11. Tofauti ya siku 2 yaonekana ndogo. Kalvati zikiwa 10 na kikosi ni kimoja, umechelewa siku 20 kabla hata hujakosea jambo lolote.

Na hiyo ya siku 24 asiibuni. Mwambie afungue shajara za saiti za miradi iliyopita na asome. Kama ofisi haina shajara hizo, huo ni ugonjwa wa ofisi, na unautibu wewe.

Chanzo cha tatu ndicho kinachoniuma zaidi, kwa kuwa kinazuilika. Ratiba ina kazi za mkandarasi tu. Hakuna mstari wa kuhamisha nguzo za umeme, wala wa kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wala wa mazungumzo na wenye mashamba. Hakuna mvua. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Nakuru kama nusu yake; ratiba ya kuchimba mitaro iliyonakiliwa kutoka Nakuru ikapelekwa Kakamega mwezi wa Aprili ni ratiba ya kuteka matope. Kisha kuna tarehe ambayo kila mhandisi wa kaunti anapaswa kuiota: 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, ambapo idhini ya matumizi ya mwaka ule hukoma. Cheti cha malipo kinachotayarishwa Juni katikati hukuta foleni. Mfundishe aanze kupanga akiwa na tarehe hiyo kichwani, na msimu wa mvua za Machi hadi Mei uwe umechorwa kwa rangi yake kwenye ratiba kabla ya kazi yoyote kuwekwa.

Dalili: mhandisi anafanya kila kitu mwenyewe na anachoka

Anapokea simu kuhusu misumari. Anasimama kwenye mashine ya zege asubuhi hadi jioni. Akienda mkutanoni mjini, saiti inalala.

Usianze kumwambia ajifunze kugawa kazi. Anajua neno hilo, alilisikia semina. Muulize forimeni: ni mambo gani unaweza kuamua bila kupiga simu? Kama hana jibu, chanzo ni kwamba mipaka haijawahi kutamkwa. Mhandisi anaogopa makosa, forimeni anaogopa lawama, na wote wawili wanaona salama ni kuuliza.

Waandike ukurasa mmoja wenye makundi matatu. Kundi la kwanza ni ya kuamua na kufanya: kurudisha lori la maramu lililochanganyika na udongo wa juu, kusimamisha zege wakati mvua imekuwa kubwa. Kundi la pili ni ya kuamua na kunijulisha jioni: kuhamisha vibarua kutoka mtaro huu kwenda ule. Kundi la tatu ni ya kuniuliza kwanza: kubadilisha nafasi ya nondo, kufunika bomba kabla halijapimwa shinikizo, kuondoa mbao za kushikilia zege mapema kuliko ilivyokubaliwa. Hapo mhandisi anafundisha pia sababu. Forimeni akijua kwamba zege ya siku 7 huwa na takriban theluthi mbili tu ya nguvu itakayokuwa nayo siku ya 28, hatahitaji kukatazwa kuharakisha. Atakataa mwenyewe, na atamweleza kibarua.

Ukimwona kijana anaendelea kushika kila kitu hata baada ya ukurasa huo, tazama juu yake. Huenda mkubwa wake, pengine wewe, humpigia kumuuliza kuhusu misumari.

Dalili: katika majadiliano anakubali kila kitu, au anagombana na kila mtu

Hizi zaonekana dalili mbili tofauti. Mimi naziweka pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja: ameingia kwenye mazungumzo akijua namba anayoitaka, hajui chochote kingine. Akisukumwa, ama anaiachia ile namba ama anaing'ang'ania.

Kipimo chake ni rahisi. Kabla hajaenda kuonana na mtu, mwulize: yule mwenzako anataka nini hasa, na kwa nini? Msipoelewana, wewe utafanya nini kesho asubuhi? Na yeye atafanya nini? Akishindwa kujibu hata moja, usimruhusu aende.

Chukua mfano ninaoutumia kufundishia. Bomba la maji linapita vijijini nje ya Kisumu na mzee mmoja amekataa mtaro upite kwake. Mhandisi kijana anakwenda na chifu, anaeleza faida za maji kwa jamii, anataja fidia. Mzee anakataa. Anaongeza fidia. Mzee anakataa kwa ukali zaidi. Kijana anarudi ofisini na kuandika kwamba mwenye shamba ni mkaidi na anadai pesa nyingi, ilhali mzee hakutaja pesa hata mara moja.

Wanafunzi wakiulizwa tatizo ni nini, karibu wote husema kiwango cha fidia. Halafu nawaonyesha mchoro wa boma. Mtaro unapita hatua chache kutoka makaburi ya familia. Hapa kwetu, kwa Wajaluo na kwa Waluhya, wafu huzikwa nyumbani, na boma lina mpangilio ambao mgeni hauoni kwenye ramani ya satelaiti. Mzee hawezi kuuza ruhusa ya kuchimba pale, kwa sababu ruhusa hiyo si yake peke yake: kuna ndugu zake, kuna wana walio Nairobi, kuna mjane wa marehemu kaka yake. Kila mara fidia ilipoongezwa, alionekana mbele ya familia yake kama mtu anayenunuliwa.

Sasa mazungumzo mapya. Kijana anakwenda bila chifu, maana kufika na chifu siku ya kwanza ni kumwambia mzee kwamba umekuja kuamrisha. Anakwenda na fundi wa eneo anayeijua lugha na desturi. Anaketi anapoonyeshwa. Anaanza kwa kuuliza.

"Mzee, nimekuja kukusikiliza. Tukipita hapa tunaharibu nini?"

"Mwanangu, hilo ndilo ungeuliza siku ya kwanza. Njoo nikuonyeshe."

Wakiutembea mpaka pamoja, njia inapatikana kando ya ua: viungo vya kona viwili na mita chache za bomba za nyongeza. Gharama yake ni ndogo kuliko wiki moja ya kikosi kilichokaa bure. Mzee anaomba mambo mawili, kwamba kazi isifanyike siku ambayo kuna matanga jirani, na kwamba wachimbaji wawili watoke kijijini. Yanaandikwa, yanasomwa kwa sauti mbele ya wanafamilia, yanatiwa sahihi. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inalinda mali ya mzee huyo na kutaka fidia ya haki pale serikali inapoichukua ardhi. Kijana anapaswa kuijua sheria hiyo, ila asiitangulize kama rungu wala asiifiche.

Katika kufundisha hili, mgawie kijana mwenye kiburi nafasi ya mzee. Mpe karatasi yenye mambo ambayo mzee hawezi kuyasema waziwazi mbele ya wageni. Kisha mwache mwenzake ajaribu kumshawishi kwa kuongeza pesa. Nimewaona vijana wakikasirika kikweli wakiwa kwenye kiti hicho, na kuanzia siku hiyo husikiliza kwa namna nyingine. Saa nzima ya mihadhara haifanyi kazi hiyo.

Kwa muuza kokoto anayepandisha bei mambo ni mepesi zaidi: mhandisi awe na bei za wauzaji wengine wawili mkononi, pamoja na gharama ya usafiri kutoka kwa kila mmoja, kabla ya kupiga simu. Tena akumbuke kwamba muuzaji mara nyingi anataka kulipwa mapema kuliko anavyotaka kulipwa zaidi. Malipo ya siku 14 badala ya 60 hununua punguzo ambalo kelele hazinunui.

Dalili: kazi inaongezeka kila wiki, pesa haziongezeki, na mhandisi amenyamaza

Mwakilishi wa wadi amepita, ameomba barabara isogee hadi shule. Ofisa wa mteja amesema kwa mdomo, "Fanya, tutaangalia." Mhandisi wa mkandarasi amefanya. Miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka.

Kagua faili. Utakuta picha nyingi kwenye simu na barua chache, au hakuna kabisa. Ukimwuliza kwa nini hakuandika, atakwambia hakutaka kumkosea mteja heshima. Hicho ndicho chanzo, na kinahitaji kushughulikiwa kwa upole kwa sababu kimetoka mahali pema: amelelewa kuona kwamba kumwandikia mkubwa barua baada ya kuzungumza naye ni kumshuku. Lakini wahenga haohao waliomlea walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfundishe kwa kumwekea mkataba mezani. Katika mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika kwenye miradi mingi mikubwa, mkandarasi anayetaka muda au malipo ya ziada anatakiwa kutoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 28 tangu alipolijua tukio. Siku hizo zikipita, katika toleo la 1999 anapoteza haki hiyo hata kama ukweli wote uko upande wake. Kwa hiyo barua haimshtaki mtu, inalinda haki, na inamlinda hata yule ofisa aliyesema "fanya."

Upande wa serikali una mipaka yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa sahihi, inaweka ukomo wa asilimia 20 kwa nyongeza ya wingi wa kazi za ujenzi, na inakataza mabadiliko yote kwa jumla yasizidishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Kijana anayeyajua haya ana jibu la heshima kwa mwakilishi wa wadi: "Mheshimiwa, ombi lako ni zuri, lakini mimi sina mamlaka ya kuliongeza. Naliandika leo, nampelekea mteja, na nitakuletea jibu." Hajakataa, hajajifunga, na hakuna aliyeaibishwa.

Zoezi: kila jambo lililosemwa kwa mdomo saiti liandikiwe barua jioni hiyohiyo, mistari mitano. Nini kimeombwa, na nani, lini, kitaathiri nini, tunasubiri maelekezo yako kabla ya tarehe fulani. Isiwe na kivumishi hata kimoja cha hasira. Zisome barua hizo pamoja naye kila Ijumaa kwa mwezi mmoja. Sijaona somo jingine la usimamizi linaloleta tofauti haraka kuliko hili.

Dalili: vikao ni vingi, maamuzi hayaonekani

Hii ni fupi. Tazama kumbukumbu za kikao. Kama kila mstari unaishia kwa "ilijadiliwa" au "ilisisitizwa," wafundishe kuandika jina, kitendo na tarehe, kisha kikao kinachofuata kianze na orodha hiyo na si na sala ndefu ya mwenyekiti kuhusu ushirikiano. Kikao kisichokuwa na jambo la kuamua kiahirishwe.

Dalili: semina ilisifiwa na wote, lakini Jumatatu kila kitu ni vilevile

Hapa anayeumwa ni mafunzo yenyewe. Uliza yalikuwaje. Mara nyingi zilikuwa siku mbili mfululizo hotelini, mifano ya viwanda vya ng'ambo, slaidi mia, na mkubwa wa idara aliyefungua kwa hotuba kisha akaondoka kabla ya chai.

Badilisha mambo matatu. Yagawe: saa mbili kila wiki mbili, kwa miezi kadhaa, ili kila somo lipate wiki mbili za kujaribiwa saiti. Watumie hati zao wenyewe, ratiba yao iliyochelewa, BQ yao (orodha ya kazi, vipimo na bei), barua yao iliyokataliwa. Na mkubwa aketi darasani hadi mwisho. Hili la tatu silegezi. Kijana akijifunza kupanga na forimeni halafu mkubwa wake akapanga kwa amri za simu, mkubwa ndiye atakayeshinda.

Nafasi ya kufanya haya ipo tayari. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, mhandisi mhitimu anahitaji angalau miaka mitatu ya uzoefu kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mtaalamu. Sehemu kubwa ya miaka hiyo hupita akikagua vipimo tu. Mpe katika mwaka wa kwanza shajara na barua, mwaka wa pili ratiba na kikosi kidogo, mwaka wa tatu majadiliano madogo ukiwa umeketi kando yake bila kumkatiza. Wanaotoka Masinde Muliro, Egerton au vyuo vyetu vingine wanakuja na msingi wa hesabu. Sehemu hii iliyobaki inafundishwa kazini, na wa kuifundisha ni sisi.

Usipopata chanzo kwa mhandisi

Kuna wakati unakagua yote na kijana ni mzima. Anapanga na watu wake, anaandika barua, anajadiliana kwa utu. Kazi bado imekwama. Basi angalia tarehe za malipo. Katika mkataba wa FIDIC wa 1999, mteja ana siku 56 kulipa tangu mhandisi msimamizi alipopokea hati ya madai. Linganisha na hali halisi ya mradi wako. Kama mkandarasi hajalipwa tangu mwaka jana, mafundi wameondoka kwa sababu wana watoto wa kulisha, na mafunzo ya kuwatia moyo wafanyakazi yatakuwa tusi. Linganisha pia idadi ya saiti alizopewa na kilomita kati yao: mhandisi mmoja mwenye kazi Ahero, Muhoroni na Seme kwa wiki moja, bila gari la uhakika, hapungukiwi na ujuzi.

Hapo peleka matokeo ya ukaguzi wako kwa mwenye uwezo wa kulipa na kuajiri, kwa maandishi, mistari mitano kama ile uliyomfundisha kijana. Nakala yake mpe yeye pia, aweke kwenye faili.